Lori kuukuu kwa mizigo yako mwenyewe: hatua za kulisajili na kuliingiza barabarani kihalali

Naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu maswali yaleyale kwenye simu. Kila mavuno yakikaribia lazima mtu anitafute, ameona Scania ya zamani inauzwa Kibaigwa, au Fuso imelala uani kwa mama mmoja huko Mpwapwa kuku wanatagia kwenye kebini, bei imemlegeza, anauliza "eti nikiichukua kwa mizigo yangu tu, si hawatanisumbua?" Watakusumbua. Ila watakusumbua kidogo kama karatasi zako zimekaa sawa, na zinakaa sawa ukifuata mpangilio, maana wengi ninaowaona wamekwama hela walikuwa nayo, shida wamefanya la tatu kabla ya la kwanza.

Mimi nipo Dodoma mjini, nina Scania 93 ya mwaka 1991, ekseli mbili, bodi ya mbao. Nabebea mahindi na alizeti yangu kutoka shamba la Kongwa, tofali nikiwa najenga, na tenki la maji kiangazi. Sikodishi hata kwa shemeji.

Kwanza tuelewane kuhusu hili neno "binafsi". Linabadilisha rangi ya plate, linabadilisha TRA wanavyokuhesabu, na linabadilisha aina ya bima. Basi. Daraja la leseni liko palepale, mizani iko palepale, breki ziko palepale. Kuna mtu aliniambia yeye ataendesha kwa leseni yake ya pikapu sababu "mzigo ni wangu", nikamuuliza sasa hilo lori linajua mzigo ni wa nani?

Uwe navyo hivi kabla hujaanza

- Namba ya NIDA na TIN. Kama TIN huna, anza na hiyo leo, ni bure TRA, usimlipe mtu.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, maana kontroli namba na ujumbe wa TRA vinakuja humo.
- Nakala za leseni yako au ya dereva atakayeendesha.
- Hela ya karatasi na ya gereji, umeiweka pembeni ya hela ya kununulia gari. Mtu ana milioni kadhaa anazimaliza zote kwa muuzaji alafu lori linakaa miezi sita nje linaota majani.
- Fundi wako mwenyewe. Rudia hapo: wako, asiwe yule ambaye muuzaji "anamwamini".
- Tochi, brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo kwenye chupa, karatasi nyeupe na penseli. Utaona za nini.

Hatua ya 1: Soma chesisi kabla hujasikiliza injini

Muuzaji atataka kukuwashia gari kwanza, kwa sababu injini ya Scania ikinguruma mwanaume anasahau kilichomleta. Mwambie azime. Omba kadi ya gari, ile original, sio picha ya WhatsApp, alafu ingia chini.

Namba ya chesisi kwenye malori mengi imegongwa kwenye reli ya chesisi upande wa kulia, karibu na tairi la mbele. Kwenye gari ya miaka 30 pale pana tabaka la grisi na vumbi la nchi nzima. Mimi na fundi wangu tulikaa pale kama nusu saa, anamwagia mafuta ya taa, anasugua na brashi ya waya, anafuta na tambara, mpaka chuma kikaanza kung'aa na tarakimu moja moja zikaanza kutoka. Kisha ukaweka karatasi juu yake unapaka penseli kwa ubavu, namba yote inajichora kwenye karatasi kama ilivyo. Tulipolinganisha na kadi, kila kitu sawa isipokuwa tarakimu moja, kadi inasema 3, chuma kinasema 8. Fundi akasema "mwanangu hii ni mtu tu alikosea kuandika miaka hiyo". Na kweli ilikuwa hivyo, ila kuthibitisha kwamba ilikuwa hivyo kulinichukua wiki tatu za kwenda na kurudi. Nilikuwa sijalipa bado, kwaiyo wiki zile tatu zilimuumiza muuzaji, mimi nilikuwa nalala vizuri tu.

Linganisha pia namba ya injini. Malori haya injini zimeshabadilishwa mara mbili mara tatu, na ni kitu cha kawaida, ila kama kadi ina namba ya injini ya zamani mabadiliko yanatakiwa yaandikishwe TRA, na utaombwa risiti au karatasi za hiyo injini ilikotoka. Muuzaji asiyejua injini ilitoka wapi, hapo bei ishuke au uondoke.

Angalia pia kama chesisi imechomelewa kuzunguka ile namba. Ukiona weldingi mpya pale pale ilipogongwa namba, usiulize swali la pili, panda bodaboda urudi nyumbani.

Hatua ya 2: Jua gari ni ya nani kikweli

Jina la kwenye kadi ndio mwenye gari. Sio anayeishi nalo, sio aliyelinunua 2009 kwa "mkataba wa mkono". Malori kuukuu yana ugonjwa huu, yameuzwa mara nne na kadi bado inasoma jina la mtu wa kwanza. Mambo matatu utakutana nayo:

Mwenye kadi yupo hai. Safi, atafutwe, asaini yeye, atoe nakala ya kitambulisho na TIN yake. Hata kama inabidi umfuate Singida, mfuate.

Mwenye kadi amefariki. Hapa hakuna kuuziwa na mtoto mkubwa, wala mjane peke yake kwa maneno. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na unataka kuona barua yake ya usimamizi. Kama haipo, familia ikafungue mirathi Mahakama ya Mwanzo kwanza, wewe subiri, usitoe hata hela ya "kuwasaidia nauli" bila maandishi.

Kadi ni ya kampuni au chama cha ushirika. Unahitaji maamuzi ya wakurugenzi au ya bodi kwa barua, mhuri, na saini za watu wanaotambulika. Kampuni unaweza kuiangalia BRELA, wasajili wa makampuni. Kama gari ilitoka kwenye mnada wa serikali, fuata barua ya mauzo na risiti ya malipo, bila hizo mbili ulichonunua ni chuma chakavu.

Hatua ya 3: Angalia madeni

Faini za trafiki ziangalie kwenye mfumo wa polisi mtandaoni, tms.tpf.go.tz, unaingiza namba ya gari unaona. Kosa moja ni shilingi 30,000 na nimeona lori lina makosa kumi na kitu yamelala humo. Muuzaji alipe mbele yako.

Alafu nenda TRA ujue kama gari ina zuio, deni, au imewekwa rehani benki. Watu wengi wanaogopa ile "rodi laisensi" ya zamani, ile ada ya kila mwaka. Ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwaiyo sasa hivi unailipa pale unapojaza dizeli bila kujua. Mtu akikuambia lipa rodi laisensi ya mwaka huu, huyo anataka soda.

Hatua ya 4: Mkataba, ndio hela

Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili, uwe na namba ya usajili, chesisi, injini, bei, tarehe na saa ya makabidhiano. Saa usiipuuze, maana gari ikigonga mtu jioni ya siku uliyonunua itatafutwa ilikuwa ya nani saa hiyo.

Kosa la kawaida: kuandika bei ndogo ili ushuru wa stempu uwe mdogo. Kwanza TRA wana makadirio yao, pili siku ukigombana na muuzaji mahakamani, utarudishiwa ile bei ndogo uliyoandika mwenyewe kwa mkono wako.

Lipa kwa benki. Gawa malipo: sehemu siku ya mkataba, sehemu kadi ikishatoka kwa jina lako. Muuzaji mkweli atanung'unika ila atakubali.

Hatua ya 5: Hamisha umiliki

Maombi ya kuhamisha umiliki siku hizi yanaanzia kwenye mfumo wa TRA mtandaoni, muuzaji na mnunuzi wote wawe na TIN. Unaambatanisha mkataba, kadi ya zamani, vitambulisho, na barua ya mirathi kama ipo. Unapewa kontroli namba ya ada ya uhamisho na kadi mpya na ushuru wa stempu, unalipa kwa benki au kwa simu. Ukiona mfumo unakuchanganya nenda ofisi ya TRA mkoa asubuhi, saa mbili kamili uwe mlangoni, saa tano ukifika utapiga foleni na watu wa bodaboda mpaka mchana.

Usitumie kishoka. Najua wapo pale nje chini ya mti na wana lugha nzuri. Kadi ya bandia inatoka nzuri kuliko ya TRA, tatizo inaonekana bandia siku ambayo umeshabeba mzigo.

Na usilisogeze lori barabarani kwa muda huu kama halina bima na halijakaguliwa. Langu lilitoka Kibaigwa juu ya lobedi, lile trela la chini la kubebea mitambo. Ilikuwa gharama, iliniuma, ila ni kilomita zaidi ya 80 kwenye barabara ya Morogoro na breki ambazo sizijui.

Hatua ya 6: Gereji. Hapa kaa sana

Kuna watu wanapaka rangi kwanza. Rangi iache mwisho. Anza na vitu vinavyoua.

Breki za upepo. Washa gari, acha ijaze mpaka sindano isimame, kwenye malori mengi inasimama kati ya baa 7 na 8. Zima injini. Kanyaga breki uishikilie, uangalie sindano kwa dakika moja nzima huku fundi akizunguka chini akisikiliza. Sindano ikiteremka unaiona kwa macho, kuna sehemu inavuja: diaframu ya chemba, paipu, au valvu. Kelele ya "ssss" kwenye chemba ya nyuma ni kama nyoka, ukishaisikia mara moja huisahau. Kengele au taa ya upepo mdogo lazima iwake kabla upepo haujaisha kabisa, kwenye magari mengi ya zamani imekatwa waya kwa sababu ilikuwa "inapiga kelele". Irudishe.

Fungua vile viloki vya chini ya matangi ya upepo utoe maji. Langu lilitoa maji na oili rangi ya chai ya maziwa, maana yake kompresa ilikuwa imechoka inarusha oili. Toa maji kila jioni ukishapaki, usingoje mpaka yajae.

Kisha laini za breki, zile zinazobana dramu, na ajasta zake. Ajasta za magurudumu yote zivutwe ziwe sawa, zikipishana gari inavuta upande mmoja, ukiwa umebeba inakupeleka korongoni. Hendibreki ishike gari ikiwa na mzigo, sio ikiwa tupu tu.

Usukani: inua mbele kwa jeki, tikisa tairi juu chini na kushoto kulia. Likicheza, kingpini au bearingi au tairodi endi vimeisha. Springi: hesabu majani yaliyovunjika, kaza yubolti, angalia senta bolti. Springi iliyofungwa kwa mpira wa tyubu sio springi.

Tairi: angalia zile tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata (meno yake) nzima na imekaa juani miaka kumi, hiyo kwa jua letu la hapa Dodoma inapasuka kama puto. Mbele weka nzuri zaidi, zile zilizovikwa mpira upya peleka nyuma.

Umeme ni volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo. Mtu akikuchukulia 12 kutoka betri moja ili aweke redio, betri ile inakufa mapema na unaanza kulaumu alteneta. Taa zote ziwake, indiketa, breki, rivasi, na vibandiko vya kung'aa nyekundu nyuma na nyeupe mbele, viwe vizima. Triango mbili, mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda, wili spana, jeki inayoweza kubeba hilo lori kweli, na vigingi vya kuzuia tairi.

Rangi sasa paka, ila kama unabadilisha rangi iliyo kwenye kadi, hayo nayo ni mabadiliko ya taarifa, yanaandikishwa.

Hatua ya 7: Ukaguzi, kisha kubadilisha matumizi

Gari ikiwa tayari ipeleke kwa inspekta wa magari wa trafiki. Iende imeoshwa, hasa chini. Inspekta akiona chini pamejaa matope anajua unaficha kitu, na mara nyingi anakuwa sahihi. Usimpe mtu mwingine apeleke, nenda wewe, maana atakachokuambia pale ni ushauri wa bure wa mtu ambaye ameona malori mengi kuliko fundi wako. Mimi aliniambia "afande wenzangu watakuacha, lakini hiyo propela shafti itakuacha wewe", nikabadilisha klosi, kile kiungo cha shafti, siku ileile.

Ukiwa na ripoti ya ukaguzi, omba TRA kubadilisha matumizi kama gari ilikuwa ya biashara. Plate nyeupe maandishi meusi ni biashara, plate ya njano ni binafsi. Ukibaki na nyeupe, TRA wanakuhesabu ni msafirishaji mwenye kipato cha gari hilo, na barua ya makadirio itakufuata hata kama gari imebeba maboga yako tu.

Kabla hujaamua, pita LATRA uwaeleze kwa uwazi unabeba nini, cha nani, na kinaenda wapi. Hao ndio wanaotoa leseni za usafirishaji wa mizigo, walichukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya 2019. Mazao yako ya shambani kwenda nyumbani ni habari moja, mzigo wa duka lako kila wiki ni habari nyingine, kwaiyo wasikie kwako kwanza na jibu lao ulitunze kwenye maandishi. Na siku ukipokea hela ya mtu hata elfu ishirini ya mafuta kubeba mchanga wake, sio binafsi tena. Jirani hatakuelewa, mwache asikuelewe.

Hatua ya 8: Bima

Ya lazima ni ile ya kulipa mtu wa tatu, tunayoita bima ndogo. Kwa lori la miaka 30 bima kubwa nilikoulizia kote walikataa, na sikuwalaumu. Malipo yanaangalia tani na matumizi: mzigo wako mwenyewe, au mzigo wa kukodishwa. Sema ukweli hapo. Ukikata ya mzigo wako alafu ukagonga ukiwa na mzigo wa mtu, kampuni itakuaga vizuri tu.

Stika sasa ni ya kielektroniki. Ukishalipa, usiondoke kwa wakala mpaka umeingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, ukaona bima yako inasoma, tarehe na aina. Trafiki anaangalia humohumo, karatasi yako nzuri haimuhusu.

Hatua ya 9: Leseni ya daraja E

Hapa ndio wengi wanajidanganya. Lori zito linataka daraja E, na kuipata E unatakiwa uwe umekaa na D, ile ya magari yasiyo mazito, si chini ya miaka mitatu, alafu usome, ufanyiwe mtihani na trafiki. VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, wanafundisha. Cheti cha chuo bila kugusa usukani kinauzwa, najua, ila mteremko hauombi cheti.

Leseni inadumu miaka mitano tangu mabadiliko ya 2019, ada ikapanda kutoka 40,000 kwenda 70,000. Kama huna E na lori limeshafika uani, ajiri dereva mwenye nayo, uthibitishe leseni yake, wewe kaa kiti cha pembeni ujifunze kwa macho. Nilikaa hivyo mwaka na nusu nikisubiri D yangu itimize miaka, na nilijifunza zaidi kwa yule mzee kuliko darasani.

Hatua ya 10: Mzigo na mizani

Gari yoyote yenye uzito wa kuanzia tani 3.5 ikihesabiwa na mzigo wake inaingia mizani, iwe ya biashara au yako, imebeba au tupu. Kwetu ukienda Singida unakutana na Nala, mbele Njuki, ukishuka Dar kuna Mikese na Vigwaza. Usipite pembeni.

Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito ya 2016 huku tunaitumia tangu Machi 2019. Ekseli ya mbele ya usukani tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne tani 10. Kwaiyo lori la ekseli mbili jumla ni tani 18, pamoja na gari lenyewe. La ekseli tatu, lenye mbili za nyuma zimekaa pamoja, ni 8 na 18, jumla 26. Toa uzito wa gari tupu ndio ujue unabeba nini. Langu tupu ni karibu tani 7, kwenye karatasi nina tani 11 za kubeba.

Kwenye karatasi. Mavuno ya kwanza nilipakia magunia 94 ya kilo 100, hayakuwa lumbesa, tani 9.4, nikajiona mstaarabu. Nikapitia mizani ya ghala moja kabla ya kutoka barabara kuu, nikalipia nipimwe mbele peke yake na nyuma peke yake. Jumla tani 16.4, safi kabisa. Mbele 5.3. Nyuma 11.1. Vijana walikuwa wameanza kupanga kutoka mkiani kwa sababu ndio karibu na mlango, na mbele karibu na kebini wakaacha nafasi ya kulala utingo. Tukashusha turubai saa saba mchana, tukahamisha magunia 60 kwenda mbele kama mita moja, jasho linatoka mpaka kwenye viatu. Tukapima tena: mbele 6.5, nyuma 9.9. Gari ileile, mzigo uleule.

Kwaiyo panga kuanzia kebini kurudi nyuma, kitu kizito mbele ya ekseli ya nyuma. Tenki la maji lijae kabisa au liwe tupu, nusu linacheza na litakugeuza kwenye kona.

Na mzigo wako nao una karatasi. Mazao yakizidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, kuwa na stakabadhi ya ushuru. Mkaa, kuni na mbao ni TFS, wakala wa misitu. Mchanga na mawe ni madini ujenzi, yana stakabadhi zake. Saruji na mabati, risiti ya EFD. Watu juu ya mzigo hapana, hata kama ni msiba, hata kama ni mnadani na wote ni ndugu zako.

Hatua ya 11: Safari ya kwanza

Nenda tupu, asubuhi, karibu. Mwendo mwisho kilomita 80 kwa saa nje ya mji na 50 penye makazi. Mteremkoni ingia gia ndogo ukiwa juu, kabla hujaanza kushuka, gia uliyopandia ndio gia ya kushukia. Anayeshuka Sekenke au Kitonga huku amekanyaga breki njia nzima atafika chini hana breki, laini zimechemka zinateleza kwenye dramu. Kupiga fri, yaani kutoa gia gari ishuke yenyewe, ili kuokoa mafuta ndio kabisa.

Ukikwama

*TRA wanasema chesisi haioani na kadi.* Usikwangue wala kugonga chochote. Peleka gari kwa inspekta, apige picha na kuandika ripoti, muuzaji aandike maelezo yake, vyote viende TRA pamoja. Hapa ndipo ile karatasi ya penseli inapokusaidia.

*Kadi imepotea.* Mwenye jina la kwenye kadi ndiye anayeripoti polisi na kuomba nyingine, sio wewe. Mwambie afanye kabla hujalipa.

*Plate bado ni zile za zamani za TZ.* Gari kama hiyo inabidi iingizwe kwenye namba za sasa, andaa muda na karatasi zote za historia yake. Kama muuzaji hana hata moja, iangalie kama ya kukata vipuri.

*Bima haisomi kwa trafiki.* Mara nyingi wakala alikosea herufi moja ya plate. Mpigie palepale, muoneshe afande risiti ya malipo, zungumza naye kwa heshima, usianze na majina ya wakubwa unaowajua. Huu mji kila mtu anamjua mkubwa.

*Upepo haujai asubuhi.* Angalia kama kuna viloki vya matangi ulisahau wazi jana jioni (mimi, mara tatu). Kama vimefungwa, sikiliza uvujaji, kisha mkanda wa kompresa kama yako inatumia mkanda, kisha kompresa yenyewe. Usiondoke kwa matumaini kwamba utajaa njiani.

*Gari imekufa barabarani.* Toa nje ya lami uwezavyo, weka vigingi, triango moja nyuma kama hatua 50 na nyingine mbele, taa za hatari ziwake. Ukiweka mawe kwenye tairi kwa sababu vigingi umeviacha nyumbani, sawa, yameshafanya kazi, ila ukiwasha kuondoka mtume utingo ayatoe yote barabarani kabla hujaachia klachi. Usiku kuna mtu wa bodaboda anakuja nyuma yako hana taa.